Maji ya Zakros

Basi la kutoka Sitia, mashariki ya Krete, lilituacha kijiji cha juu, Ano Zakros. Kuteremka baharini tulikwenda kwa miguu, ndani ya korongo ambalo wenyeji huliita Korongo la Wafu. Jina linatisha bure. Juu kwenye kuta za mawe mekundu yanayokaribia zambarau kuna mapango, na humo Waminoa, watu wa kale wa Krete, walizika watu wao zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Chini yake mbuzi wanajipitia na kengele zao shingoni. Kilikuwa kiangazi cha mwaka 1998. Nilikuwa mwanafunzi wa akiolojia, na ramani za kasri la Zakros nilikuwa nazo kichwani, chumba kwa chumba.

Ramani hazionyeshi maji. Korongo linaishia kwenye mashamba ya mizeituni na ghuba ndogo yenye migahawa michache ya samaki, na hapo hapo, nyuma ya uzio wa waya, ndipo penye kasri: kuta nyingi za kufika magotini, ua wa kati wa mita 30 hivi kwa 12, na upande wa mashariki madimbwi. Birika la mviringo la watawala bado lina maji, na bado unaweza kulishukia kwa ngazi zake za mawe. Kobe wa maji walikuwa wamejipanga ukingoni wakiota jua. Mwenzangu mmoja akapiga chafya, wote wakatumbukia kwa pamoja.

Ardhi ya mashariki ya Krete imezama tangu zama zile, na maji ya chini yamepanda mpaka sakafuni. Mzee mmoja tuliyemkuta akicheza karata kwenye mgahawa alitueleza zaidi. Ujanani alikuwa kibarua wa Nikolaos Platon, mwanaakiolojia wa Kigiriki aliyeanza kuchimba pale mwaka 1961, na kila alipomtaja aliongeza "marehemu Profesa". Kazi yao ya kwanza asubuhi, alisema, ilikuwa pampu, jembe lilisubiri.

Halafu akatusimulia habari ya zeituni. Kwenye kisima kimoja cha kasri, ndani ya matope, walikuta kikombe kimejaa zeituni ambazo Platon aliamini ni sadaka ya siku za mwisho za kasri. Zilikuwa nzima, ngozi inang'aa, utadhani zimechumwa jana. Zilipopigwa na hewa zikaanza kunywea.

"Hukuonja hata moja, mzee?"

"Mwanangu, Profesa angenikata mkono."

Mwingereza David Hogarth alikuwa amefika kwenye bonde lile mwaka 1901. Alichimba nyumba za mteremkoni, akapata vitu vya maana, akaondoka. Kasri lilikuwa chini tu pale, amelipita kama mtu anayepita mlango wa jirani. Miaka 60 baadaye Platon, kwa msaada wa fedha za Leon na Harriet Pomerance, mume na mke wa Kimarekani, alilifukua likiwa halijaguswa na waporaji. Makasri mengine ya Krete yalikuwa yamekombwa zamani. Hapa jiko lilikuwa na mifupa ya wanyama waliopikwa. Kulikuwa na vipande vizito vya shaba vilivyosubiri kuyeyushwa, vyombo vya ibada vya mawe vikiwa kwenye hazina ya kasri, na pembe za ndovu.

Mimi ni mtu wa Bagamoyo, kwa hiyo nilitamani pembe zile ziwe zimetoka kwetu. Wataalamu wengi wanaelekeza Syria, ambako ndovu walikuwepo bado wakati huo, na bandari ya Zakros kweli inaelekea huko huko mashariki. Nikanyamaza.

Moto ulioteketeza kasri yapata mwaka 1450 K.K. ndio pia uliozichoma kumbukumbu za kasri zilizoandikwa kwenye udongo mbichi zikakomaa kama matofali, zikadumu. Zimeandikwa kwa mwandiko uitwao Linear A, ambao mpaka leo hakuna aliyeweza kuusoma. Nani aliwasha moto? Mzee hakuwa na shaka: volkano ya kisiwa cha Thera, na wimbi lake. Platon mwenyewe alielekea huko, na hoja hiyo ilikuwa imetolewa na Spyridon Marinatos mwaka 1939. Tatizo ni kwamba Thera ililipuka mapema mno, na baada ya majivu yake kutua Wakrete waliendelea kujenga na kufinyanga vyungu kwa vizazi kadhaa. Nilijaribu kumweleza hayo kwa Kigiriki changu cha darasani. Alinisikiliza kwa adabu, akacheza karata yake.

Tulipomwambia kwamba tunaelekea kasri la Knossos, aliguna. "Saruji ile ni rika la baba yangu." Hakukosea sana. Arthur Evans alianza kuchimba Knossos mwaka 1900, kisha akasimamisha nguzo na ghorofa kwa saruji na rangi nyekundu, na watalii hupiga picha kazi ya karne ya 20 wakidhani ni ya mfalme Minos. Mimi naona afadhali kuta za magotini. Zinakulazimisha kufikiri.

Lakini Zakros nayo ina kitu kilichoungwa upya, nacho nakisamehe. Kimo kwenye jumba la makumbusho la Heraklion: chombo kidogo cha kumiminia sadaka, cha jiwe angavu kama kioo, kilichokutwa kimevunjika vipande zaidi ya 300. Mafundi walikiunga kipande kwa kipande. Mkono wake ni shanga za jiwe hilo hilo zilizotungwa kwenye waya wa shaba; waya umeshika kutu, na kutu imezipaka shanga kijani ambacho fundi wa kwanza hakukikusudia. Wenzangu walikwenda kutazama picha za ukutani za Knossos. Mimi nilibaki nikihesabu viungo, nikapoteza hesabu, nikaanza tena, hadi mlinzi akaja kusema wanafunga.