Sikio Kabla ya Nota: Kumbukumbu za Mwalimu wa Udi

Kustaafu kwa mwandishi wa tawasifu hii, baada ya maisha ya kazi aliyoyatumia kufundisha udi, ala ya nyuzi, mjini Zanzibar, kunamruhusu kuweka wazi suala moja ambalo baadhi ya walimu wenzake hawajakubaliana naye hadi leo, nalo ni namna ya kumfundisha ala ya muziki mtoto mwenye usonji, yaani hali ya kimaumbile ya ubongo inayomfanya mtu apokee sauti, mguso na maneno tofauti na walio wengi.

Utoto wake hauhitaji maelezo marefu: alizaliwa Ng'ambo, akapita chuo cha Kurani na skuli kama wenzake, na akakulia karibu na mazoezi ya taarab, muziki uliolelewa na vikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905. Fundi aliyemfunza hakuandika nota hata moja. Alipiga kipande, mwanafunzi akakirudia, na kosa likasahihishwa kwa kupiga tena. Mwandishi aliirithi njia hiyo yote isipokuwa jambo moja, kwani fundi huyo aliushika mkono wa mwanafunzi na kuupeleka kwenye uzi, ilhali watoto wengi wenye usonji huumizwa na mguso wa ghafla. Yeye aliketi ubavuni mwa mwanafunzi, wote wakielekea upande mmoja, ili mtoto auone mkono wa kushoto kama ulivyo, wala asilazimike kumtazama mwalimu usoni.

Mzozo mkubwa ulizuka katika chuo kimoja ambako mvulana mwenye usonji aliondolewa darasani kwa ukaidi, kwa kuwa kila alipofika kwenye uzi fulani aliiweka chini risha, yaani kijiti cha kupigia, akaziba masikio. Mwandishi aliupima uzi huo kwa uma wa sauti, chuma chenye ncha mbili kinachotoa sauti ya nota "la" kwa mitetemo 440 kwa sekunde, akakuta umelegea, kwa sababu joto na unyevunyevu wa Unguja huathiri mbao na nyuzi za udi. Mvulana alikuwa na sikio kamili, yaani uwezo wa kuitambua sauti bila kuilinganisha na nyingine, uwezo unaopatikana zaidi miongoni mwa wenye usonji. Leo Kanner, daktari aliyeuelezea usonji mwaka 1943, aliandika habari za mtoto aliyeimba nyimbo nyingi kwa usahihi akiwa na umri wa mwaka mmoja. Hata hivyo, chuo hakikumrudisha mvulana, kikidai kwamba asiyesoma nota hafundishiki.

Nota zina faida yake, kwani humwezesha mpigaji kujifunza wimbo ambao hajausikia, lakini zenyewe zinaweza kubadilishwa zimfae mwanafunzi, kama alivyofanya Kaarlo Uusitalo wa Ufini katika miaka ya 1990 alipobuni mfumo ambamo rangi hutaja sauti na umbo huonyesha oktava yake. Kuzifanya mlango pekee wa kuingilia muziki ni dhuluma kwa watoto ambao masikio yao yanawazidi walimu wao.

Walimu vijana wanaoshika kazi hii wanapaswa kujua kwamba mtoto anayekataa kupiga anatoa habari, na kwamba wajibu wao wa kwanza ni kukagua nyuzi, chumba na mwenendo wao wenyewe, kabla ya kuandika neno "mkaidi" katika ripoti ya mtoto wa mtu.