Gundi Ilibaki Upande Gani

Nilimwambia yule mama kwamba simu yake ililetwa ikiwa imeshakufa. Nilisema hivyo huku nikiangalia barabarani, kana kwamba kwenye basi la Dodoma lililokuwa linaingia kituoni kulikuwa na mgeni wangu. Hakubisha. Aliifunga simu kwenye pindo la kanga, akasema, "Haya, mwanangu," akarudi kwenye nyanya zake.

Haikuwa imekufa. Ilikuwa haipokei chaji, basi. Humo ndani mlikuwa na sauti za mumewe, alizomtumia kwa WhatsApp miezi ya mwisho kabla hajafariki. Alitueleza mimi na kaka siku aliyoileta, ili tuwe waangalifu.

Asiyeijua kazi hii nimweleze. IC ya chaji ikiharibika, unaing'oa kwa blowa, mashine inayopuliza hewa ya moto. Risasi iliyoshikilia vipuli kwenye simu nyingi za siku hizi huyeyuka kwenye nyuzi joto 217 hivi, lakini bodi hunyonya joto jingi, kwa hiyo kibandani kwetu tunaweka blowa nyuzi 350. Vipuli vya jirani havitakiwi kuupata moto huo. Unavifunika kwa tepu ya poliimidi, ile nyembamba yenye rangi ya chai iliyokolea. Ikishika, unamaliza salama. Ikijikunja ukingoni, hewa inapita chini yake. Siku ile ilijikunja juu ya chipu ya kumbukumbu, mimi macho yangu yako kwenye IC. Kibano kikaigusa chipu, ikateleza kama siagi kwenye kikaango. Niliirudisha mahali pake mara tatu. Simu haikuwaka tena.

"Tepu feki hiyo," kaka akasema. "Wametupiga Kariakoo, dogo."

Nilifurahi kusikia hivyo. Kwa wiki mbili nilimchukia mtu wa Kariakoo ambaye hata sura yake siikumbuki.

Nina shahada ya uhandisi, ambayo hapa Dumila mpaka sasa imenisaidia kusoma maandishi ya kwenye maboksi. Ila jambo moja la mwaka wa tatu lilinirudia usiku, umeme umekatika na joto halilaliki. Tulifundishwa jinsi ya kupima gundi. Unachukua vipande viwili vya chuma, unavigandisha ncha kwa ncha vikiwa vimepandana kidogo, unavivuta kila kimoja upande wake mpaka viachane. Nguvu iliyoviachanisha unaigawa kwa eneo lililopakwa gundi. Hiyo ndiyo namba yako. Mwalimu akaongeza kwamba namba ni nusu ya kazi: kuachana kukishatokea, tazama gundi imebaki upande gani. Ikiwa imebaki pande zote mbili, gundi yenyewe ndiyo iliyochanika, na hapo umefika mwisho wa uwezo wake. Ikiwa upande mmoja ni msafi kabisa, gundi haikuwahi kuushika vizuri. Mara nyingi hapo wa kulaumiwa ni aliyeuandaa.

Poliimidi zenyewe zina heshima yake. Utando wa namna hii, uliopakwa alumini, ulikuwa sehemu ya blanketi za kuzuia joto kwenye chombo kilichotua mwezini mwaka 1969. Miaka ya 1990, NASA kwenye kituo cha Langley, jimbo la Virginia, walitengeneza poliimidi iitwayo PETI-5, ya kugandishia na kuundia mwili wa ndege ya abiria yenye kasi ya mara 2.4 ya sauti. Shabaha ilikuwa idumu saa 60,000 kwenye nyuzi 177. Hiyo ni karibu miaka saba ya kukaa motoni. Mradi wa ndege ulifutwa 1999. Tepu yetu ni ndugu wa mbali sana: utando wake ni poliimidi na unahimili nyuzi 400, lakini gundi ya mgongoni ni ya silikoni, na ikivuka nyuzi 260 hivi inaanza kuchoka. Ukiitazama unaona utando. Inayoshika ni ile usiyoiona.

Jumapili kaka akiwa kanisani nilikata vipande vya bati la kopo la maziwa, nikavisugua kwa msasa na kuvifuta kwa spiriti. Nikabandika tepu, nchi moja kwa nchi moja. Chini yake, kwa waya mrefu, nikaning'iniza chupa yenye nusu lita ya maji, yaani nusu kilo. Blowa nikaielekeza nyuma ya bati, na mita yenye waya wa kupimia joto ikasoma 250, ikipanda na kushuka kidogo.

Kipande kipya, kutoka kwenye roli lile lile la Kariakoo, kilishika saa nzima. Nilikiondoa mwenyewe.

Nikakaa. Kisha nikafungua droo.

Kwenye droo tuna kioo cha simu iliyopasuka, na juu yake tumebandika vipande vya tepu vilivyokwishatumika. Tunabana matumizi. Kipande kinafanya kazi mara mbili, tatu, mpaka kikatae. Siku ya simu ya yule mama nilibandua kimoja pale. Sasa nikabandua kingine, nikakibandika kwenye bati jipya, nikaning'iniza chupa. Dakika nne. Nikarudia: dakika sita. Nikageuza bati kuelekea mlangoni kwenye mwanga. Safi. Hakuna hata alama. Kwenye tepu kulikuwa na vumbi, na mafuta ya flaksi yaliyokauka.

Kaka aliporudi nilimwonyesha. Alilitazama bati muda mrefu. "Sasa unataka kwenda kumwambia nini?" akauliza. "Simu haitafufuka." Sikuwa na jibu, nikaenda.

Yule mama anauza nyanya kando ya barabara tangu kabla ya mafuriko ya Januari 2014 yaliyokata daraja na kuifunga njia ya Dodoma. Nilimwamkia, nikamwambia kwamba simu niliiua mimi, na niliiua vipi. Nilieleza vibaya, nikiruka ruka. Alinisikiliza huku akipanga nyanya sado kwa sado.

"Hicho kikaratasi cha gundi," akasema, "ungeweka kipya kingekuwa shilingi ngapi?"

Hesabu nilikuwa nimeshaipiga. Roli la mita 33 tulinunua elfu kumi, na kipande ni sentimita tatu.

"Shilingi kumi haifiki, mama."

Akaokota nyanya iliyopasuka, akaitupa kwenye ndoo ya pembeni. Akasogeza tenga tupu kwa mguu, upande wangu.

"Kaa," akasema. "Anza tena, taratibu."