Mtembea Bure

Wahenga walituachia methali mbili zinazohusu miguu. Ya kwanza yasema mtembezi hula miguu yake. Ya pili yasema mtembea bure si sawa na mkaa bure. Zote mbili nilizifundisha kwa miaka mingi, lakini kuifundisha methali ni jambo moja na kuijua ni jambo jingine. Ile ya pili niliijua baada ya kustaafu.

Nilipostaafu ualimu mkuu mwaka 2010, sehemu ya mafao yangu niliitumia kununua gari kuukuu. Kutoka nyumbani kwangu hapa Morogoro hadi dukani ninakonunua gazeti ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, nami nilikwenda kwa gari. Siri ya jambo hilo ilikuwa aibu. Nilijiambia kwamba mwalimu mkuu akionekana anatembea juani, watu watasema mafao yamekwisha. Basi nikakaa. Nilikaa garini, nikakaa barazani, nikakaa mbele ya televisheni. Baada ya miaka michache magoti yakawa yanalia nikiinuka, na presha ikapanda.

Siku moja kliniki, muuguzi mmoja, binti wa rika la wajukuu zangu, aliniamkia kwa adabu kisha akauliza, "Babu, unafanya mazoezi gani?"

Nikamjibu kwamba mazoezi ni ya vijana.

"Sikusema ucheze mpira, babu. Nauliza kama unatembea."

Sikuwa na jibu. Kesho yake alfajiri niliiacha funguo ya gari mezani, nikatoka.

Ndugu msomaji, siku hiyo ya kwanza sikufika mbali. Nilitembea mpaka mtoni, nikapumzika, nikarudi. Lakini katika nusu saa hiyo niliona mambo ambayo kwa miaka mingi yalikuwa yakipita dirishani. Milima ya Uluguru ilikuwa bado imejifunika wingu, na wingu lilikuwa likiinuka polepole kama mtu anayeamka. Nilisikia maji yakipita juu ya mawe, nikasikia na pumzi yangu mwenyewe. Niliamkiwa na watu ambao sikujua kuwa ni jirani zangu.

Nilikutana pia na akina mama wanaoshuka kutoka mlimani, matenga ya ndizi na mboga vichwani, wakiwahi soko. Mmoja aliniuliza ninakwenda wapi asubuhi yote ile. Nikasema natembea tu.

"Bure?"

"Bure, mama."

Alicheka mpaka akashika tenga lake lisianguke. Sikumlaumu. Yeye alikuwa ameianza safari kukiwa bado na giza, na kwake mwendo ni kazi na shingo kuuma. Mtu asije akamhubiria mama yule raha ya kutembea. Maneno haya nayaandikia wenzangu tunaoketi.

Nikiendelea na matembezi hayo, jambo moja la zamani lilianza kunirudia. Walimu wa enzi zetu tulikuwa na mchakamchaka kila asubuhi, watoto wakikimbia kwa mistari huku wakiimba. Lilikuwa jambo jema, na wengi wetu tunalikumbuka kwa furaha. Lakini tulikuwa na desturi nyingine: mtoto akikosea, tulimwamuru azunguke uwanja. Kijana mmoja mwembamba alikuwa akichelewa mara kwa mara, kwa kuwa kwao kulikuwa mbali. Siku moja nikamwamuru azunguke mara kumi. Alikimbia vizuri, mikono imelegea, na alipofika mzunguko wa tatu au wa nne nikamwona anacheka. Hakuwa akimcheka mtu. Alikuwa amefurahia kukimbia. Mimi nikaona ananidharau, nikamwongezea mizunguko mitano. Alipomaliza hakuwa akicheka tena.

Naliungama kosa hilo hapa kwa sababu nimeelewa nilichomfundisha siku ile. Nilimfundisha kwamba mwili ukitumika, ni adhabu, na kwamba mtu akifanikiwa maishani ataacha kuutumia. Somo hilo nilikuwa nimejifundisha mimi mwenyewe kwanza, na ndilo lililoninunulia gari la kwendea kwa muuza magazeti.

Na kumbe mfano mwema nilikuwa nao tangu ujana. Mwezi Oktoba mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitembea kutoka kwao Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha lililotangazwa Februari mwaka huohuo. Alikuwa Rais, na magari alikuwa nayo. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi, na tulizizungumza habari hizo kwa majivuno. Hakuna aliyesema kwamba Rais amefilisika.

Wataalamu nao wamelithibitisha jambo ambalo bibi zetu walilijua. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walieleza habari za wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walioketi kutwa waliugua moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi. Sababu si ya ajabu. Kila hatua misuli ya mashavu ya miguu huibana mishipa na kuisukuma damu irudi juu moyoni, na misuli inayofanya kazi hutumia sukari iliyomo katika damu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano. Wazee kama mimi twashauriwa tuongeze mazoezi ya kusimama imara, tusije tukaanguka.

Lakini si takwimu zilizonifundisha thamani ya hatua moja. Miaka michache iliyopita mke wangu alipatwa na kiharusi. Upande wake wa kushoto ulilegea, naye akalala miezi mingi akitazama dari. Mtaalamu wa viungo alitufundisha namna ya kumsimamisha, kisha namna ya kumtembeza. Mbele ya nyumba yetu pana mwembe. Kutoka mlangoni hadi shinani ni hatua 22 zangu. Siku ya kwanza alikwenda tatu, akalia. Juma lililofuata alikwenda tano. Mimi niliyezoea kuhesabu mizunguko ya watoto nikawa nahesabu hatua za mke wangu, na kila moja niliishukuru.

Asubuhi aliyoufikia mwembe, aliushika kwa mkono wake mzima, akaegemea, akacheka. Nikakikumbuka kicheko cha yule kijana uwanjani. Nikamuuliza kama anataka tuendelee hadi barabarani. Akasema, "Mwalimu, leo niache nisimame hapa." Tukasimama. Jua likatufikia miguuni.

Siku hizi tunatembea pamoja kila asubuhi, yeye na fimbo yake, mimi pembeni. Hatufiki mbali, wala hatuendi popote. Presha yangu imeshuka, ingawa dawa nameza kama nilivyoagizwa. Gari nililiuza.

Nawe msomaji, kama miguu yako inakubeba, usingoje muuguzi akuulize. Kesho toka nje kabla jua halijawa kali. Ukiulizwa unakwenda wapi, sema unatembea bure. Na ukimwona mtoto anakimbia huku anacheka, mwache akimbie.