Tangi Katika Pembetatu

Ndugu msomaji, wengi wetu tukisikia neno "hesabu" tumbo hutukata. Hata hivyo nakuomba unisikilize, kwani fumbo hili halikutoka kitabuni. Limetoka kwetu Raila, kijiji cha Kibera kilichopewa jina la Raila Odinga, aliyekuwa mbunge wa Lang'ata kuanzia 1992 hadi 2013.

Kwetu maji hununuliwa kwa mtungi, na mama ndiye mmoja wa wanaoyauza. Zamu yake ya chama ilipofika, aliamua kununua tangi. Pesa zilitosha tangi moja tu, na karo yangu ilitegemea biashara hiyo. Mahali penyewe pana kuta tatu za mabati: mita 3, mita 4 na mita 5. Zile mbili fupi zinakutana kwa pembe mraba. Jirani mmoja akamwambia, "Wewe chukua la upana wa mita mbili na nusu, litaingia tu." Kwa macho ungemwamini. Lakini tangi likishapitishwa kwenye vichochoro vyetu, ni nani atakayelirudisha dukani?

Nikachukua kalamu. Duara kubwa kabisa linaloweza kuingia katika pembetatu ni lile linalogusa kuta zote tatu, kila ukuta mahali pamoja tu, kama gurudumu la gari moshi linavyogusa reli ile iliyofika Nairobi mwaka 1899 na kupita Kibera kwenda Kisumu. Euclid, Mgiriki wa kale, alionyesha kwamba mstari kutoka kitovuni hadi mahali pa mguso husimama wima juu ya ukuta. Sasa unganisha kitovu na kona zote tatu. Unapata pembetatu tatu ndogo zenye kimo kimoja, nacho ndicho nusu kipenyo. Eneo lote ni nusu ya 3 mara 4, yaani 6. Zile ndogo zikijumlishwa ni nusu ya 12 mara nusu kipenyo. Basi nusu kipenyo ni mita 1, na upana wote ni mita 2. La mita mbili na nusu lingekwama!

Mama alisikiliza, akapima mwenyewe kwa kamba, akanunua la mita 1.8 ili pabaki pa kupumulia. Kila mita moja ya kimo chake hubeba zaidi ya lita 2,500.

Haya, fumbo lenyewe. Tuseme tangi ni la mita 2 kamili, na katika kila kona unataka kuweka pipa linalogusa kuta mbili na tangi. Kona ipi itapokea pipa kubwa zaidi? Wenzangu wengi hukimbilia pembe mraba, ati kwa sababu ndiyo pana. Wapi! Hiyo hupokea chombo cha upana wa sentimita 34 tu, sawa na ndoo. Kona ya pili hupokea sentimita 76, na ile nyembamba kabisa sentimita 104. Sababu ni kwamba kona ikiwa pana, tangi husogea hadi ndani. Ikiwa nyembamba, tangi hubaki mbali.

Wahenga walisema akili ni mali. Sisi wa vichochoro vyembamba tusijidharau, maana nafasi ipo, mradi tuipime. Nanyi jaribuni pembetatu ya mita 5, 12 na 13, mlete jibu katika mkutano wa chama chetu cha Kiswahili.