Barua kwa Rehema: Mtaje Kaka Yako

Mwanangu Rehema,

 

Nakutumia riwaya ya Yaa Gyasi, Transcendent Kingdom, iliyotoka mwaka 2020. Gyasi alizaliwa Ghana akakulia Huntsville, Alabama, na familia anayoisimulia imepita njia hiyohiyo. Baba wa familia anachoka kutazamwa kama mwizi kila aingiapo dukani, anarudi Ghana moja kwa moja. Mama anabaki akiuguza wazee majumbani mwao ili watoto wale.

Nana, mtoto wa kwanza, ni hodari wa mpira wa kikapu. Anaumia kifundo cha mguu, anaandikiwa OxyContin kutuliza maumivu. Mguu unapona, dawa haimwachi. Mwisho ni heroini, na kifo.

Mdogo wake, Gifty, anasomea uzamivu wa sayansi ya ubongo Stanford. Panya wake wa maabara wakibonyeza wenzo hupata kinywaji kitamu, lakini mara nyingine hupigwa shoti miguuni. Wengine huacha. Mmoja anachechemea kwa shoti, na bado anarudi kubonyeza. Gifty anatafuta ndani ya ubongo kile kinachomnyima kiumbe uwezo wa kusema basi.

Hapo nilimlilia upya Idi wetu, kaka yako. Hata msibani walimwita teja, wakasema angetaka angeacha. Kama adhabu ingetosha, arosto, yale mateso ya kukosa dawa, peke yake ingemwachisha. Hospitali ya Muhimbili wanatoa methadoni tangu mwaka 2011 kwa kuwa uraibu wa unga ni maradhi, na maradhi hutibiwa.

Kwa hiyo soma, mwanangu, fani uliyoichagua kama Gifty ina heshima. Ila tazama jambo moja: Gifty akiulizwa kwa nini anafanya kazi ile, Nana hamtaji. Maabara imempa swali zuri na pa kujificha pia, huku mama yake amelala chumbani hana hamu ya kuamka. Nawe kila nikikuuliza habari za Idi, unanijibu habari za mitihani.

Wenzako wakikuuliza, waambie ulikuwa na kaka, fundi redio, aliyekupakia baiskeli kukupeleka shule. Baba yako naye mwanzishie mazungumzo. Anangoja mtu wa kuanza. Likizo njoo tumsomee hitma, na kila mmoja aseme analolikumbuka.

Shangazi yako akupendaye.