Jawabu la Mkondoa

Miongoni mwa vitu alivyoviacha marehemu mama yake mlikuwamo kisanduku cha mbao kilichopigwa njumu za shaba, na ndani yake barua kumi na saba zenye muhuri wa posta ya Kilosa. Barua kumi na sita zilitiwa alama ya wino mwekundu pembeni, ishara ya marehemu kwamba zilikwisha jibiwa. Ya kumi na saba haikuwa na alama yoyote.

Binti huyo, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu na mwalimu mstaafu wa Kiswahili katika skuli za Unguja, alizijua barua hizo tangu utotoni. Zote zilikuwa za mashairi. Babake alivuka bahari mwaka 1959 kwenda kuwa karani katika reli za Afrika ya Mashariki, akapangiwa stesheni ya Kilosa, akamwacha mkewe Mji Mkongwe na mtoto wa miaka mitatu mgongoni. Waliagana kwa miaka miwili. Katika miaka hiyo mume akiandika kwa vina na mke akijibu kwa vina, na wajuzi wawili watatu wa mtaani waliopata kusikia majibizano yao walisema kuwa mke ndiye aliyekuwa mshairi hasa. Mume alikuwa mwenye hamu tu.

Miwili ikawa mitano, mitano ikawa saba. Barua ya mwisho ilifika mwaka 1966. Ilikuwa na beti nne na ndani ya beti hizo limo swali moja. Maji ya kwenu, alisema mume, huondoka na kurudi mara mbili kwa siku, hata mwenye kuyatazama hana hofu nayo. Maji ya mto wa huku huondoka moja kwa moja wala hayatazami nyuma. Akauliza: yapi kati ya hayo mawili yenye ahadi ya kweli?

Mke hakujibu. Habari ya kwamba mumewe ameoa Kilosa ilikuwa imekwisha kuvuka bahari kabla ya shairi. Mwaka uliofuata ilivuka habari nyingine, kwamba ameugua homa siku nne na kuzikwa huko huko. Mjane alikaa eda, akafunga kisanduku. Kila alipoulizwa na bintiye kwa nini shairi lile halina jawabu, alisema neno lile lile: “Mwenye swali ndiye mwenye jawabu. Nendeni mkamwulize.” Alifariki mwaka 2021 bila ya kuongeza neno.

Mwalimu alijaribu kulijibu yeye. Alifundisha ushairi zaidi ya miaka thelathini, vina na mizani havikumpa taabu. Lakini kila jawabu aliloandika, akilisoma asubuhi yake, aliliona ni lawama iliyotiwa vina. Alizichana zote.

Mwezi wa Julai 2025 wajukuu wake walipanga kwenda Mikumi kuangalia wanyama. Alikubali kufuatana nao kwa sharti moja, kwamba katika siku mbili watakazokaa, moja iwe yake. Wakavuka kwa boti hadi Dar es Salaam, wakapanda treni mpya ya umeme hadi Morogoro, na kutoka hapo wakaenda kwa gari. Mwenyeji wao alikuwa kijana wa Kisagara, mzaliwa wa Kilosa, ambaye kazi yake ni kutembeza wageni mbugani. Alipoambiwa kuwa siku ya pili bibi hataki mbuga bali anataka kupelekwa Kilosa, alinyamaza kidogo, kisha akacheka kwa haya. “Wageni huniomba simba, bibi. Wewe wa kwanza kuniomba kwetu.” Akaomba apewe usiku mmoja apige simu kwa wazee wake, kwa maana historia ya simba anaijua kwa moyo, lakini ya mji wake hajapata kuulizwa.

Siku ya kwanza waliipitisha katika uwanda wa Mkata. Kijana alieleza kwamba hifadhi ilianzishwa mwaka 1964 na ina kilomita za mraba 3,230, na kwamba mikumi ni jina la mivumo, ile mitende mirefu yenye tumbo katikati ya shina. Wajukuu walihesabu twiga na tembo. Bibi aliangalia nyasi. Alikuwa amesoma kwamba katika masika ya mwaka 1871 msafara wa Stanley, uliofungwa mizigo yake Unguja, ulikwama katika uwanda huu huu ulipofurika, watu na punda wakitembea majini kwa siku kadhaa na wengi wakiangushwa na maradhi. Jina la Stanley limo vitabuni. Ya wapagazi wengi waliobeba vitambaa, shanga na nyaya za shaba vichwani hayamo.

Asubuhi ya pili wakashika njia ya kaskazini, kiasi cha kilomita themanini. Njiani wakapita kijiji kiitwacho Ulaya, na kijana akasema, kama ilivyo ada yake kwa wageni, kwamba hapa watu hufika Ulaya bila ya viza. Wajukuu wakacheka. Bibi naye akacheka, kwani alikumbuka kwamba katika barua ya tano babake aliandika kuwa ametumwa kazini Ulaya na amerudi siku ile ile, na mamake akajibu kwa beti nzima ya wivu wa mzaha. Kwa miaka yote hiyo alidhani mzaha ule ulitungwa na mamake peke yake.

Baada ya hapo kijana akaanza kueleza historia aliyoikusanya usiku. Alieleza habari za bonde la Mkondoa, lililokuwa njia ya misafara kutoka pwani kwenda Mpwapwa na Tabora. Alitaja pembe za ndovu. Kisha akasita, akatazama kioo cha gari, akamwona bibi katika buibui lake, akageuza maneno na kutaja hali ya hewa.

“Endelea, mwanangu,” bibi akasema. “Usinifiche. Sikutoka kwetu kuja kusikia sifa.”

Akaendelea. Alisema kuwa wazee wake walisimuliwa na wazee wao kwamba njia hii haikupitisha pembe tu. Watu walipita wamefungwa, na kituo cha mwisho cha wengi wao kilikuwa soko la Unguja, lililofungwa mwaka 1873. Waliofia njiani hawakuwekewa alama. “Kwa hiyo bibi,” alisema taratibu, “ukiniuliza makaburi, huku kwetu yapo mengi tusiyoyajua.” Garini pakawa kimya. Mwalimu huyo aliwahi kufundisha vizazi vya wanafunzi kwamba bahari iliwaunganisha watu wa mwambao na wa bara. Sasa alikaa karibu na mtu ambaye kwa wazee wake neno hilo hilo la kuunganisha lilikuwa na mnyororo ndani yake. Hakutafuta la kujitetea. Alisema tu, “Mwenyezi Mungu awarehemu,” na kijana akaitikia amini.

Alieleza pia habari za Mangungo wa Msowero, kaskazini ya Kilosa. Mwishoni mwa Novemba 1884 alitia alama yake katika karatasi ya Carl Peters, akidhani ni karatasi ya urafiki, kumbe imeandikwa kwa lugha asiyoisoma kwamba ametoa nchi yake. Mpaka leo Watanzania wakitaka kuulaumu mkataba mbovu hulitaja jina la mzee huyo. Bibi aliijua habari hiyo kwa upande wa pili wa maji: Peters alianzia Unguja, na karatasi zile zilipoletea Ujerumani haki ya kudai Usagara mwaka 1885, Sayyid Barghash alipinga, akajibiwa kwa manowari zilizotia nanga mbele ya jumba lake mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Kwa mara ya kwanza siku ile walielezana, huyu akianza na yule akimalizia. Kijana akauliza, “Na alipita wapi kutoka baharini?” Bibi akajibu kwamba alishukia Saadani, kisha akapandisha kwa bonde la Wami.

Kilosa si mji uliokaa juu ya jabali kama ile inayopigwa picha katika kadi za posta. Umekaa chini, milima imeukalia nyuma na mto umeushika ubavuni. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilipita hapa na kuingia bonde la Mkondoa, na tangu siku hiyo reli na mto vimekuwa majirani wasiosikizana. Mwishoni mwa Desemba 2009 mto ulivunja tuta na kuingia mjini, maelfu wakakosa makaazi, na kati ya Kilosa na Gulwe reli iling'olewa hata treni za bara zikakoma kupita hapo kwa miezi. Reli mpya, iliyoanza kufikisha abiria Dodoma mwaka 2024, haikutaka ugomvi huo. Hupenya milima kwa mahandaki manne.

Walisimama stesheni ya zamani. Bibi aliyatazama madirisha, akajiuliza ni lipi alilokaa mtu mwenye muhuri na wino akihesabu vina kwa vidole baina ya treni mbili. Kisha wakaenda msikitini, na kijana akampisha mbele mzee mmoja aliyekuwa ameambiwa kwa simu usiku.

Mzee huyo hakumkumbuka karani kwa sura. Alikumbuka kusikia habari za “Mzanzibari wa reli,” na kwamba mke aliyemwoa hapa hakuzaa, akarudi kwao Tabora baada ya msiba. Aliwaongoza mpaka makaburini. Mahali palikuwa na mawe yaliyolala, majani marefu na mikwaju. Hapakuwa na maandishi. Mzee alinyoosha mkono akazungusha, asielekeze pamoja. “Wageni wa pwani walizikwa upande huu. Zaidi ya hapo nitakudanganya, dada yangu.”

Bibi alishukuru. Alikuwa amekuja na barua ya kumi na saba mkobani, na katika fikra zake zote alikuwa akisimama mbele ya kaburi moja, akimwambia mtu mmoja neno alilokosa kuambiwa. Sasa alisimama mbele ya majani. Alisoma Fatiha, na alipofika katika dua hakutaja jina la babake peke yake. Aliwataja waliolala hapa na waliolala njiani bila ya alama, wa pwani na wa bara, wapagazi na waliofungwa. Mzee na kijana wakainua mikono.

Wakati wa kurudi aliomba apelekwe mtoni. Ilikuwa kipupwe, maji yalikuwa machache, yamejibana upande mmoja wa mchanga. Wanawake walikuwa wakifua. Mjukuu wake mdogo alitupa kijiti, akakifuata kwa macho mpaka kikapotea, akauliza kimekwenda wapi.

Kijana akajibu kwa sauti ya kazini, sauti aliyoizoea. Alisema kwamba Mkondoa hutoka nchi ya Dodoma, hupita hapa, hushuka uwanda wa Mkata, na huko mbele hubadili jina. “Huitwa Wami. Ndio ule aliopandisha yule Mjerumani wa bibi. Huishia baharini, Saadani.”

“Saadani ipo wapi?” mtoto akauliza.

“Mbele ya kwenu. Ukivuka kutoka pale unafika Unguja.”

Mwalimu alikuwa ameifundisha ramani ile. Alijua Wami kwa jina na Saadani kwa jina, na asubuhi ile ile aliyataja yote mawili kwa mdomo wake. Hakuwahi kuunganisha mto ule na mto wa shairi, kwa kuwa katika barua mto haukutajwa jina, na kwa kuwa alilisoma swali kama udhuru wa mtu aliyekwisha amua kutorudi. Aliitoa barua, akaisoma tena pale pale. Beti ya nne, aliyokuwa akiiona dhaifu, yenye kina cha kulazimisha, ilisema kwamba jawabu litaonekana pwani. Karani wa reli mwenye ramani ukutani kwake alijua mto unakwenda wapi.

Hilo halikumsafisha. Aliahidi miaka miwili na hakutimiza. Aliweka mke mwengine na mtoto wake akakua bila yeye. Mto kufika baharini si sawa na mtu kufika nyumbani, na mamake, aliyekuwa mshairi hasa, bila ya shaka alilifumbua fumbo siku ile ile na kuliona halitoshi. Huenda ndiyo sababu hakulitia alama nyekundu: hakushindwa kujibu, ila alikataa. Lakini katika miaka hamsini na tano baada yake hakuichoma barua. Aliifungia pamoja na zilizojibiwa.

Siku ya tatu, wakiwa katika boti ya kurudi, bibi alimwuliza baharia mmoja Saadani ipo upande gani. Baharia akaonesha kushoto, mbali, kaskazini-magharibi, ambako hakukuonekana kitu ila ukungu mwembamba juu ya maji. Bibi aliangalia upande huo mpaka mnara wa mji ulipotokea mbele. Alipofika nyumbani alikifungua kisanduku, akairudisha barua ya kumi na saba mahali pake, chini kabisa, na kalamu nyekundu akaiacha mezani.