Kisimani: Mji wa Mafia Uliopewa Jina la Maji

Mafia ni jirani wa karibu zaidi wa bara kuliko Pemba. Pemba imetengwa na bara kwa bahari yenye kina kirefu mno, ilhali Mafia imekaa juu ya ukingo wa bara wenyewe, na mlango wa bahari baina yake na delta ya Mto Rufiji ni wa kina kidogo. Miaka ipatayo 20,000 iliyopita, barafu ilipoyashika maji mengi ya dunia na bahari ikashuka zaidi ya mita 100, mlango huo ulikuwa nchi kavu.

Tuliyatafakari hayo tukiwa mashuani, tukitoka Kilindoni kuelekea Ras Kisimani, ncha ya kisiwa iliyoelekea Rufiji. Upande wa mashariki wa Mafia maji ni maangavu na matumbawe yamestawi. Huku magharibi rangi ya maji hugeuka, kwani mto humwaga tope lake baharini, hasa wakati wa masika.

Rasi yenyewe ni mchanga, minazi na mikoko. Hakuna mto wala kijito cha kutajika. Basi mji ulisimamaje hapa? Jibu limo katika jina lake. Mvua ya masika, na ile ya vuli, hupenya mchangani na katika mwamba wa matumbawe ya kale. Kwa kuwa maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu yake chini ya ardhi kama mafuta juu ya mchuzi. Achimbaye kwa kiasi hupata maji ya kunywa na ya kutawadhia. Achimbaye kupita kiasi, au achotaye bila huruma, huikaribisha chumvi.

Kwa neema hiyo Kisimani ilikuwa bandari ya Waislamu zama za usultani wa Kilwa. Neville Chittick, aliyeufukua mji huu na kuchapisha taarifa yake mwaka 1961, alikuta athari za makazi ya karne nyingi. Lakini sehemu kubwa ya mji ilikwisha kuliwa na bahari kabla mtaalamu yeyote hajafika na kamba ya kupimia.

Wazee wa Mafia wana simulizi za uhasama kati ya Kisimani na Kua, mji wa kisiwa cha Juani, na za adhabu iliyofuata. Hatuzidharau. Hata hivyo, tukiutazama ufuo, tunaona mchanga na upepo vyatosha kuwa sababu. Kusi huvuma tangu Aprili hadi Septemba hivi na kusukuma mawimbi kutoka kusini. Kaskazi hufuata na kuyageuza. Mchanga husafiri nayo, huku ukipungua, kule ukifanya fungu jipya. Rasi ya namna hii haitulii. Ukuta wa chokaa uliojengwa mbali na maji hujikuta pwani, kisha ndani ya bahari, bila ya wenyewe kuhama hata hatua moja.

Na bahari inapoila nchi, hula pia maji yaliyo chini yake. Hilo ndilo lililotushughulisha kuliko magofu. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na vimbunga si wageni wa mara kwa mara katika pwani hii. Usawa wa bahari nao unapanda duniani kote. Anayekata mikoko ya ufukweni leo anaifungulia chumvi njia ya kuingia kisimani mwa jirani yake.

Familia itakayopenda kuizuru Ras Kisimani ichague kaskazi, kati ya Desemba na Februari, bahari inapokuwa imetulia zaidi, na isikilize kauli ya nahodha kuhusu kupwa na kujaa. Watoto wataviona vigae vya vyungu mchangani na watatamani kuvitia mifukoni. Waviache hapo hapo. Vilivyobaki ni vichache, na bahari yenyewe haiombi ruhusa.